Uzi: Filamu ya mama wawili. Watu walicheka wapi na wakanyamaza wapi (Berlin 2010, kisha sebuleni kwetu Kibokoni, Mombasa)

#1 Mwanzisha uzi

Hamjambo wanajamvi. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, na naomba tuzungumze kama watu waliokaa barazani, kila mtu aachwe amalize lake.

Juzi mtu aliandika hapa kwamba filamu ya wanawake wawili wanaolea watoto, tena ya kuchekesha, ukimuwekea mtu wa Mombasa hafiki nusu, atainuka aondoke. Nlijaribu kunyamaza nkashindwa. Mimi filamu ya namna hiyo nimeiona na Wajerumani, alafu nkaiona na mamangu na shangazi yangu, na kote huko hakuna aliyeinuka akaenda zake. Watu walicheka. Alafu kuna mahali walinyamaza, na hapo ndo pana maneno, manake walichonyamazia Berlin sicho walichonyamazia Kibokoni.

Filamu yenyewe ni The Kids Are All Right, ya Mmarekani Lisa Cholodenko. Ilionyeshwa mara ya kwanza tamasha la Sundance kule Utah, Januari 2010, na mwezi wa pili ikaletwa tamasha la Berlin. Mimi wakati huo nlikuwa huko Berlin nafanya kazi jikoni kwenye mkahawa, kuosha masufuria na kukata vitunguu. Mwenzangu wa kazi, mama wa Kituruki, alikuwa na tikiti mbili na mumewe akashikwa na homa, bas akanambia twende. Baridi ya mwaka ule siisahau, njia za miguu zote zimeganda unatembea umeshika ukuta. Yeye alikuwa na furaha yake nyengine, manake mwaka huo kulikuwa na filamu ya Mturuki mwenzake, Semih Kaplanoğlu, na ndiyo iliyochukua Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya Berlin, mwisho wa tamasha. Mimi sikujua hata naenda kuona nini.

Kwa ambao hamjaiona: Nic ni daktari, mkali, mpangaji wa kila kitu, na divai anaipenda kupita kiasi. Jules ni yule wa leo hili kesho lile, sahii anataka kazi ya kutengeneza bustani za watu. Wana watoto wawili, Joni wa miaka 18 na Laser wa miaka 15. Kila mama kazaa mmoja, na mbegu zote za mwanamume mmoja wasiyemjua. Laser anataka kumjua lakini umri haujafika, kwa hivyo anambembeleza dadake apige simu. Ndo anaingia Paul, na pikipiki yake na mkahawa wake na mboga zake za kujilimia.

Ukumbini chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kijerumani, na maandishi hutokea kabla mtu hajamaliza kusema, kwa hivyo kila kicheko kilikuja mara mbili, kwanza cha wanaosoma alafu cha wanaosikiza, kama wimbi na la pili yake pale ufukweni Mama Ngina. Walicheka sana pale wale mama wanapomkalisha kijana wao. Wao wanashuku yeye na rafiki yake wana jambo, wanataka kumuuliza kwa upole mpaka upole wenyewe unamtisha mtoto, na mtoto anadhani wamegundua kuwa amekutana na Paul. Kila mtu anaungama lake. Yule mama wa Kituruki alinishika mkono akicheka machozi yakamtoka.

Waliponyamaza ni kwenye chakula cha usiku nyumbani kwa Paul. Nic ambaye filamu nzima hamtaki Paul siku hiyo kalainika, kafurahi, mpaka kaimba mezani. Anaenda bafuni, anaona nywele nyekundu. Za Jules. Jules amekuwa akitengeneza bustani ya Paul na wameshalala pamoja. Nic anarudi mezani, anakaa, wote wanazungumza na wewe mtazamaji husikii tena maneno yao, unasikia mvumo tu kama mtu aliyezama majini, unamuona anakunywa. Ukumbi mzima ukatulia. Nlisikia jaketi za watu zikisuguana tu.

Tulipotoka, kwenye ngazi kulikuwa na wanawake wawili wamesimama, mmoja analia kwa hasira. Kwa Kijerumani changu cha jikoni nlielewa: kwa nini lazima aje mwanamume? Kwa nini filamu yetu, ya nyumba yetu, mmoja wetu lazima aishie kitanda cha mwanamume? Na si wao peke yao. Filamu ilipofika majumba ya sinema ya Marekani mwezi wa saba mwaka huohuo, wanawake wengi wa kule walilalamika hivohivo. Na hapohapo Berlin filamu ikapewa tuzo ya Teddy, ambayo tamasha lile limekuwa likitoa tangu 1987 kwa filamu za wapenzi wa jinsia moja. Yaani waliotunuku na walioudhika ni jamaa moja.

Sasa Kibokoni.

Nlirudi nyumbani 2012, na DVD ya ile filamu ndani ya begi. Binamu yangu akaolewa. Siku mbili baada ya arusi nyumba bado imejaa wanawake, masufuria ya pilau yanasuguliwa uani, wanaume wamekwenda zao. Wameshachoka na Wahindi na Wafilipino kwenye tivii, shangazi yangu akasema tuwekee kitu ulichokuja nacho cha Ulaya, ututafsirie. Nkaomba Mungu nkaiweka. Walikuwepo mamangu, shangazi, mkaza mjomba (mama yake bi arusi), shoga yangu mmoja wa tangu shule, na dada anayetusaidia kazi, mwenyeji wa Kitui, kakaa mlangoni na sinia la mchele anachagua.

Dakika za mwanzo shangazi akauliza, "Hawa ni dada?" Nkasema la, ni mke na mke, na wale ni watoto wao. Kukawa kimya, nasikia mchele ukianguka siniani. Alafu akasema, "Haya, endelea."

Nikaendelea. Nic akaanza kumsumbua Joni kuhusu barua za shukurani, umeandika, mbona hujaandika, utaandika lini, na mkaza mjomba akapiga paja, "Huyu daktari ni marehemu mjomba wako mtupu!" Bas. Kutoka hapo hawakuwa wakiangalia wanawake wawili, walikuwa wakiangalia ndoa. Jules akianza kazi mpya, wanacheka, manake kila mmoja ana ndugu wa namna hiyo. Nic akijimiminia divai, shangazi anasema "anza tena" kama anamjua.

Alipokuja Paul ndo sebule ikagawanyika. Shangazi akasema huyu ni baba, mbona watoto hawamuamkii? Baba ni baba. Mamangu akasema baba gani, hajui hata mtoto huyu kaota jino lini. Wakabishana, filamu nkaisimamisha. Ndipo yule dada wa Kitui, ambaye kwetu huwa hasemi sana, akasema bila kuinua uso, "Kwetu mwanamke asiye na mtoto huoa mwanamke. Aitwa iweto. Akizaa, mtoto ni wa mwenye nyumba. Yule mwanamume hana lake." Wote wakamgeukia. Shangazi akamuuliza maswali nusu saa, mahari hulipwa na nani, mtoto huitwa jina la nani, yule mwanamume akija kudai je. Akajibu yote na mchele anachagua.

Tukaendelea. Yakatokea ya Paul na Jules. Nlitarajia shangazi, aliyekuwa upande wa baba, afurahi. Akainua mkono akasema, "Ah! Mke wa mtu huyo! Mke wa mtu sumu!"

Hakusita. Hata hakujua kasema nini. Jules kwake tayari ni mke wa mtu, na mtu mwenyewe ni Nic. Na Paul alipokuja mlangoni mwisho, Nic akamwambia kama anataka familia aende akajitengenezee yake, shangazi huyohuyo akasema, "Haki yake."

Berlin walimkasirikia Jules kwa kwenda kwa mwanamume. Kibokoni walimkasirikia Paul kwa kuvunja nyumba ya mtu.

Shoga yangu hakusema neno filamu nzima (nasema shoga kama tunavoitana sisi wanawake wa hapa, msinigeuzie). Yeye analea mtoto na mwanamke mwenzake, majirani wanamwita mama mdogo na hawaulizi. Shangazi aliposema mke wa mtu, aliinuka akaenda uani. Nkamfuata nkamkuta kashika sufuria iliyokwishaoshwa anaisugua.

Nataka kusikia kwenu. Nani ameona filamu kama hizi na watu wa nyumbani, na watu walifanya nini?

#2

Dada, mimi ndo yule wa juzi. Nimesoma mpaka mwisho na nakujibu kwa heshima. Nlisema watu watainuka, umenionyesha hawakuinuka, hilo nalirudisha.

Lakini shangazi yako alipouliza kuhusu baba alikuwa anauliza jambo kubwa na wewe umelipita kwa haraka. Sisi kwetu nasaba si mapambo. Mwanamke huachwa au hufiliwa akakaa eda, na moja ya sababu ni ijulikane mimba ni ya nani. Mtoto ana haki ajue katoka wapi. Hawa Joni na Laser wana bahati wako wawili wa mtu mmoja na simu moja imewapata. Na yule aliyetoa mbegu mara kumi? Watoto wake wakikutana chuoni wakapendana? Hilo swala lanisumbua na halihusiani na chuki, mimi nina mabinti. Na kicheko ndo nachokiogopa zaidi. Hotuba mtu huipinga, lakini kitu kilichokuchekesha kinakaa ndani.

#3

Nafuatilia. Shangazi apewe maua yake.

#4

Mimi nlikuwa Nyali 2018 ile wiki ya Rafiki. Si filamu ya watoto wala si ya kuchekesha sana, lakini umeuliza watu walifanya nini, nakupa nilichokiona.

Kwa wasiokumbuka, Rafiki ni ya Wanuri Kahiu, Mkenya. Ilikuwa ya kwanza kutoka Kenya kuchaguliwa tamasha la Cannes, na kabla haijafika huko bodi ya filamu hapa ikaipiga marufuku, Aprili 2018, wakisema mwisho wake una matumaini mno kwa mapenzi ya wasichana wawili. Septemba Jaji Wilfrida Okwany akaruhusu ionyeshwe siku saba kwa watu wazima, ili itimize masharti ya kupelekwa Oscar. Siku saba tu. Nairobi tikiti zikaisha, na hapa ikaletwa Nyali.

Nlitoka kazini bandarini nkapanda matatu moja kwa moja, mabuti miguuni. Foleni ilikuwa ya kimya. Nimezoea foleni za sinema, watu huzungumza, hupigiana simu. Pale kila mtu kaangalia simu yake. Kulikuwa na wasichana wa chuo, wazee wawili Wahindi, mabuibui yasiyopungua sita, wazungu wachache. Ndani nako kimya, mpaka yule mama mmbea wa kibandani akatokea na bintiye, hapo mtu wa kwanza akacheka, na sauti yake ikawa kama ruhusa. Baada ya hapo watu walicheka kila akitokea yule mama. Nadhani walikuwa wanatafuta mahali pa kupumulia.

Aprili 2020 jaji mwengine, James Makau, akaamua marufuku ile ilikuwa halali. Kwa hivyo mimi kumbukumbu yangu ya sinema Mombasa ina shimo la siku saba. Watoto wangu wakiniuliza nlikuwa wapi mwezi wa tisa 2018, nlikuwa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango.

#5 Mwanzisha uzi

@2 ndugu yangu, ahsante kwa kujibu bila matusi. Na sikulipita, nlitaka mulichukue nyinyi.

Angalia hivi: hoja yako ndo hoja ya Laser. Filamu haikuificha, imempa mtoto mwenyewe. Mama zake wote wawili hawajui kama Paul anatafutwa, na yeye kwa sababu hiyohiyo uliyotaja wewe, ya kujua katoka wapi, anamtafuta. Sasa kuna sehemu anamuuliza Paul kwa nini ulitoa mbegu. Paul anajibu kwa mzaha kwamba ilionekana ya kupendeza kuliko kutoa damu. Laser hacheki. Anamuuliza ulilipwa ngapi. Dola 60. Mtoto anauliza, basi, hizo tu? Berlin hapo watu walicheka. Kibokoni hakuna aliyecheka. Mamangu alisema "Ya Rabi, mtoto ajue bei yake." Nimekaa na hilo neno miaka yote hii.

Na Cholodenko mwenyewe alizaa kwa njia hiyo, mtoto wake wa kiume baba yake ni mtoa mbegu asiyejulikana. Na aliyeandika naye, Stuart Blumberg, aliwahi kutoa mbegu alipokuwa chuo. Yaani meza moja ilikuwa na mama aliyepokea na mwanamume aliyetoa, wanaandika pamoja. Ndo maana nahisi Paul hakutengenezwa shetani, ni mtu tu aliyechelewa.

Kuhusu kicheko, mimi nakiona kinyume chako. Kicheko hakikumnyima shangazi nafasi ya kubisha. Alibisha mpaka filamu ikasimama nusu saa. Hotuba angeizima.

#6

Habari wana uzi. Nimefanya kazi na mawakili hapa mjini miaka mingi, nataka kuongezea kwa yule dada wa Kitui kwa sababu aliyosema hayako Ukambani tu.

Mwaka 2011 Mahakama Kuu hapahapa Mombasa, Jaji J. B. Ojwang, ilikuwa na kesi ya mirathi. Mwanamke wa Kinandi alikuwa ameoa mwanamke mwenzake kwa mila, akafariki, ndugu wa upande wake wakataka mali, wakisema yule mke si mke. Jaji akatambua ndoa ile ya mila, akasema mke na watoto wake wana haki ya kurithi. Nyumba yenyewe ilikuwa hapahapa Mombasa. Watu wengi wa mji huu hawajui kwamba swali la "watoto wa mama wawili ni wa nani" limeshajibiwa na mahakama yetu.

Lakini niseme kwa uangalifu, tusije tukadanganyana. Wazee wa mila hiyo, Wakamba, Wanandi, Wakisii, watakwambia kwa nguvu kuwa ndoa ile ni ya kupata mrithi na si ya mapenzi, wale wanawake hawalali pamoja. Na Katiba ya 2010, ibara ya 45, inataja haki ya kuoana na mtu wa jinsia nyengine. Na vifungu 162 na 165 vya sheria ya adhabu, vile vinavyotumika kuharamisha ngono ya jinsia moja, Mahakama Kuu ilivibakisha Mei 2019. Kwa hivyo huwezi kuichukua iweto ukaibandika kwenye filamu ya California. Ila sehemu moja inalingana barabara, nayo ni ile ya mwanamume anayezalisha na asiwe baba. Sisi tulikuwa na jibu la hilo kabla ya hospitali zao za mbegu.

#7

@6 hapo umesema. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na nyumba ya namna hiyo huko Kisii, na mimi nimemwita yule mzee wa kike "baba" utotoni bila kujiuliza.

#8

Mimi nlikuwa baharia, meli yetu ilikaa Singapore mwanzo wa 2011 na nakumbuka magazeti yao yakizungumza kuhusu filamu hiyohiyo. Serikali iliruhusu nakala moja tu nchi nzima na watazamaji wawe wametimiza miaka 21. Nakala moja! Mwezi mmoja kabla yake ilikuwa imechukua Golden Globe ya filamu bora ya vichekesho kule Marekani na inangojea Oscar, imetajwa mara nne, mpaka ya filamu bora ya mwaka. Hakuipata hata moja ya hizo nne. Mimi nlishindwa kupata tikiti. Nlikuja kuiona Likoni kwa jamaa yangu, kwenye laptopu, miaka mingi baadaye, sauti tumeipunguza kwa ajili ya jirani.

#9

Nasoma hapa usiku na imenibidi nifungue akaunti.

Mimi ni mwanamume, nimelelewa Majengo na mama na nyanya. Baba yangu yupo, nyumba nilikuwa naijua, tulikuwa tunapitana njiani Mwembe Tayari ananipa noti ya mia. Sikusoma hapa mtu akisema kuhusu Joni, na kwangu yeye ndo filamu. Laser ndiye aliyemtaka yule mtu, Joni hakutaka. Alafu ndiye aliyempenda zaidi, ndiye aliyepanda pikipiki, ndiye aliyeanza kumjibu mamake. Na mwisho Paul anakuja kuomba msamaha na Joni anamwambia, nayaweka kwa maneno yangu, alitamani angekuwa mtu bora kuliko hivi. Hasemi nakuchukia. Nlisimamisha hapo nkatoka nje nkakaa kibarazani mpaka adhana ya alfajiri.

Watu wanaosema watoto wa nyumba za kina mama watakosa kitu, ni kweli tunakosa kitu, mimi sikatai. Lakini mnapotuzungumzia kama mfano mnasahau kwamba sisi tuna watu tuliowapata. Nyanya yangu alinifundisha kunyoa ndevu. Alikuwa anamnyoa babu alipougua, akawa anajua.

Sijui filamu inasema nini kuhusu wanawake wapendanao, sina elimu hiyo. Kuhusu sisi watoto imesema kweli.

#10

@9 Mungu amrehemu nyanya.

#11 (ni yule wa #2)

@9 ndugu, nimekusoma mara mbili. Nimekosea kuwataja watoto hawa kama wako mbali. Samahani.

Msimamo wangu wa dini uko palepale na sitaki mtu afikiri umehama. 2023, baada ya ule uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Februari 24 kuhusu shirika la wapenzi wa jinsia moja kusajiliwa, nlikuwa miongoni mwa walioandamana hapa mjini, na nlikuwa na bango. Lakini nimejiuliza usiku huu, kama yule shoga yake mwanzisha uzi alipita njia ile siku ile na mtoto mkononi, alisoma nini kwenye bango langu. Hilo nakiri limenikalia vibaya.

Na swali moja kwa mwanzisha uzi, limenikereketa tangu jana nilipoitafuta nkaiangalia. Yule mtunza bustani. Yule Mmexico.

#12 Mwanzisha uzi

Subhanallah, umeliona. Nlidhani hakuna atakayeliuliza.

Kwa ambao hawajafika: Jules ana mfanyakazi wa bustani, Luis. Luis anaona yanayoendelea baina yake na Paul, hasemi kitu, anatabasamu tu. Jules kwa aibu yake mwenyewe anamfukuza kazi, anatafuta kisingizio, na filamu inaendelea mbele kama hakuna kilichotokea. Berlin watu walicheka hapo. Na mimi nlicheka, nasema kweli.

Kibokoni yule dada wa Kitui aliacha kuchagua mchele. Akauliza, "Huyo kafanya nini?" Nkasema hajafanya kitu, kaona tu. Akauliza, "Atarudishwa?" Nkasema sikumbuki. Nlikuwa nakumbuka vizuri kwamba harudishwi. Tukaangalia mpaka mwisho, na kila mlango ukifunguka kwenye filamu naona anainua macho kuangalia kama ni yeye. Mamangu alimuona pia. Kesho yake mamangu alimuongeza mshahara na hakumueleza mtu kwa nini.

Kwa hivyo @11 tuko pamoja hapo. Wale mama wanaohangaika nyumba yao ihesabiwe kuwa nyumba, kuna mtu kwenye nyumba yao wamemhesabu si mtu. Hilo ndo la pekee ambalo nikikutana na Cholodenko nitamuuliza.

#13

Samahani naingia nimechelewa. Mwisho wenyewe mliuonaje hapo nyumbani? Walisema nini filamu ilipokwisha? Mimi ule mwisho uliniudhi, Paul amefungiwa nje bas, hakuna tena habari yake.

#14 Mwanzisha uzi

Paul hawakumkumbuka. Nitakwambia kwa nini.

Mwisho wanampeleka Joni chuo. Wanampandisha vitu chumbani kwake, Nic anataka kutandika kitanda, Joni anawaambia jamani nipeni nafasi, tokeni. Wanatoka. Anakaa peke yake kidogo, alafu anashuka mbio na hawaoni, gari halipo, anadhani wameshaondoka bila kumuaga. Kumbe wameenda kuliegesha tu. Anawakumbatia wote wawili, yeye katikati.

Mkumbuke ilikuwa siku mbili baada ya arusi. Nyumba yetu ilikuwa imetoa mtoto juzi. Khanga zake bado ziko kwenye kamba, kitanda chake kimetandikwa na hakuna aliyekilalia. Mimi natafsiri na sauti inanikatika, nageuka naona mkaza mjomba amejifunika uso na mtandio. Mamangu alisema polepole, "Mtoto akikwambia toka ndo hataki utoke." Hakuna aliyeuliza tena nani kazaa nani.

Jina la filamu lilipokuwa linapanda, mkaza mjomba aliinuka akaenda chumbani kwa bintiye. Tulimsikia anafungua kabati. Shoga yangu alikuwa amerudi kutoka uani, kasimama mlangoni na mikono imelowa, na ndiye aliyemfuata. Walikaa humo ndani mpaka magharibi, wanakunja nguo.